Wanaogopa Daftari, Hawaogopi Kelele



Hebu tuulizane kitu. Ukitajiwa jina la Al-Amin Kimathi, unamjua? Usikimbilie simu kutafuta. Jiulize tu kimoyomoyo. Kama humjui, lawama si yako peke yako. Jamii yetu ina tabia ya kumkumbuka aliyepaza sauti na kumsahau aliyeketi chini akaandika. Majina ya wanasiasa wanaotuahidi mambo kila kampeni tunayajua mpaka ya wasaidizi wao. Lakini mtu aliyekuwa akizunguka kwa familia akiuliza "Mwanao alichukuliwa siku gani, saa ngapi, na kina nani?", huyo tumemwacha apite hivi hivi.

Sisi tumemsahau. Serikali mbili za Afrika Mashariki zilimjua vizuri sana. Moja ilimweka jela karibu mwaka mzima, na nyingine, ya kwao, ikatazama.

Wacha tuanze mwanzo. Kama ulizaliwa mwaka 2007, wakati mambo haya yanatokea ulikuwa tumboni ama mgongoni kwa mamako. Mwisho wa 2006 jeshi la Ethiopia liliingia Somalia na kuung'oa Muungano wa Mahakama za Kiislamu. Watu wakakimbilia mpaka wa Kenya. Januari 2007 Kenya ikafunga mpaka na kuanza kukamata. Shirika la Human Rights Watch lilikuja kuhesabu watu wasiopungua 150 waliokamatwa, kutoka zaidi ya nchi 18. Kati yao kulikuwa na wanawake, wengine waja wazito, na kulikuwa na watoto. Walikaa wiki kadhaa korokoroni bila kushtakiwa. Kisha ndege tatu zikaondoka, tarehe 20 Januari, 27 Januari na 10 Februari 2007, zikiwa na makumi ya watu hao. Zilikwenda Somalia, katikati ya vita, na huko wakakabidhiwa wanajeshi wa Ethiopia. Wengi wakaishia jela za Ethiopia bila hata mmoja wao kusomewa shtaka katika mahakama ya Kenya.

Mawakili walikuwa wameenda Mahakama Kuu kuomba watu hao waletwe mbele ya jaji. Waombee nini tena, na ndege zishapaa?

Serikali yetu ikasema hao si Wakenya. Ethiopia nayo ikasema haina watu hao. Hapo ndipo ungetaka kuona kelele zinafaa nini. Ungeandamana kutoka Jamia mpaka Bunge, ungesimama Makadara pale Mombasa mchana kutwa, na jibu lingekuwa lile lile: nani? Taja majina. Walichukuliwa lini? Ushahidi uko wapi?

Kimathi na wenzake wa Muslim Human Rights Forum walikuwa na majibu. Walikuwa wamekaa na familia. Walijua nani alikamatwa wapi na kituo gani kilimshika. Orodha za abiria wa ndege zile zikafika mikononi mwa watetezi wa haki, na jina likaanza kulinganishwa na jina. Huyu mama anayesema mumewe hajarudi, jina la mumewe liko kwenye ndege ya pili. Huyu aliyesemekana hajulikani alipo, alipanda ndege Nairobi. Mwaka huo huo wa 2007 kazi hiyo ikatoka kama ripoti, Horn of Terror, na ikapelekwa kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR.

Tazama kilichofuata. Aprili 2007, baada ya majina kuanza kuchapishwa na waandishi wa habari na watetezi wa haki, Ethiopia iliyokuwa ikikana ikakubali kwamba inawashikilia watu 41. Oktoba 2008 Wakenya waliokuwa jela huko wakaanza kurudi nyumbani. Watu ambao serikali ilisema si Wakenya wakashuka kwenye ndege wakiwa Wakenya, na wazazi wao wakawapokea.

Si wote waliorudi haraka hivyo. Mkenya mmoja aliyekamatwa Mombasa Februari 2007 alipelekwa mpaka Guantanamo. Hakufunguliwa mashtaka yoyote. Alirudi Kenya Desemba 2024. Piga hesabu: karibu miaka 18. Mtoto aliyezaliwa wiki aliyokamatwa alikuwa karibu kuchukua kitambulisho. Muda wote huo, kilichozuia asiwe uvumi tu wa mtaani, "yule jamaa aliyepotea," ni kwamba kuna watu walioandika jina lake, tarehe na mahali, na wakakataa faili lifungwe.

Sasa tuje Kampala.

Tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka katika mkahawa wa Ethiopian Village na katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Watu 76 waliuawa. Walikuwa wamekaa kutazama mpira. Lazima tuliseme hili waziwazi kabla ya kusema lingine lolote, maana damu ya wale watu haina bei na hakuna kisingizio cha dini wala siasa kinachoihalalisha. Al-Shabaab walijigamba kuwa wao ndio waliofanya.

Baada ya hapo Wakenya wakaanza tena kubebwa. Mtu anashikwa Nairobi leo, kesho yuko Uganda. Hakuna kesi ya kumhamisha, hakuna hakimu aliyetia sahihi, hakuna simu kwa mke wala mama. Septemba 2010 Mahakama Kuu ya Kenya yenyewe ilisema kuwatoa watu hivyo ni kinyume cha sheria. Lakini walikuwa washavuka Busia na Malaba zamani.

Kimathi akafanya kile mtafiti wa haki hufanya. Alifunga safari akaenda kujionea. Tarehe 15 Septemba 2010 alifika Kampala pamoja na wakili Mbugua Mureithi kufuatilia kesi ya Wakenya wale. Wote wawili walikamatwa. Wakili akaachiliwa baada ya siku chache na kurudishwa Kenya. Kimathi akashtakiwa kwa ugaidi na mauaji, yaani mtu aliyekwenda kuangalia kesi akaingizwa ndani ya kesi ile ile. Akapelekwa gereza la Luzira. Akaomba dhamana, akanyimwa. Septemba 2011, karibu mwaka mmoja kamili baadaye, mwendesha mashtaka wa Uganda akaondoa mashtaka yote dhidi yake na akaachiliwa. Umma haukuwahi kuonyeshwa ushahidi wa kumhusisha na mabomu yale.

Swali langu kwako, wewe unayesoma: kwa nini yeye? Kampala ilikuwa na waandamanaji wa kutosha, na Nairobi ilikuwa na wapiga kelele wa kila aina. Kwa nini afungwe mtu aliyekuja na kalamu?

Kwa sababu kelele huisha. Ukipiga kelele wiki moja, wenye nguvu husubiri wiki ya pili. Lakini orodha yenye majina, tarehe, nambari za gari na majina ya vituo haichoki. Inaweza kuletwa mbele ya jaji baada ya miaka kumi. Inaweza kumfikia mwandishi wa habari London ama afisa wa Umoja wa Mataifa Geneva. Inaweza kusomwa na mtoto wa aliyepotezwa akiwa mtu mzima. Hicho ndicho kilichokuwa kinawakera.

Najua mtu ameshaanza kuandika hapo chini: "Hao watu wa haki ni watetezi wa magaidi." Tulia tujibizane.

Kesi ya mabomu ya Kampala ilihukumiwa Mei 2016. Mahakama ikawapata na hatia watu 8 na kuwaachilia 5. Soma tena hiyo sentensi. Kati ya watu 13 waliokaa kizimbani, wengi wao wakiwa ndani tangu 2010, watano hawakuwa na hatia. Kabla ya hukumu wote 13 waliitwa magaidi. Ungewatofautisha vipi? Kwa sura? Kwa urefu wa ndevu? Ni mahakama, mashahidi na ushahidi ndivyo vilivyotenganisha. Mtafiti wa haki hasemi kila aliyekamatwa ni malaika. Anasema mlete mbele ya hakimu, aone wakili, familia ijue alipo, na kama ana hatia afungwe mchana kweupe. Anayekataa hilo ndiye anayewasaidia magaidi, kwa sababu kila asiye na hatia aliyemo ndani kimakosa ni nafasi ya mwenye hatia kutembea nje.

Mwingine atasema: "Mambo ya NGO ni pesa za wazungu, semina za hoteli na chai ya saa nne." Sawa. Wako wa hivyo, hatutadanganyana. Lakini kuna njia rahisi ya kuwapima. Muulize: una majina mangapi? Umekaa na familia ngapi? Umepeleka kesi ngapi mahakamani? Mwenye kazi atakufungulia faili. Mwenye semina atakufungulia picha za semina. Kuwaacha wenye faili kwa sababu ya wenye semina ni kama kuacha kuswali kwa sababu umeibiwa viatu msikitini.

Na wa tatu atasema, kwa sauti ya chini: "Lakini ni hatari." Kweli, ni hatari. Kimathi si wa kwanza wala wa mwisho. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitoa orodha ya majina 86 ya watu na mashirika yanayodaiwa kuhusika na ugaidi, na akaunti zikafungwa. Ndani ya orodha hiyo ikaweka MUHURI na HAKI Africa, mashirika ya Mombasa ambayo kazi yao ni kurekodi nani ameuawa na nani amepotezwa Pwani. Yalikwenda mahakamani, na mwaka huo huo mahakama ikasema hakuna kilichoyaunganisha na ugaidi, akaunti zikaamriwa zifunguliwe. Mwaka uliofuata, 2016, HAKI Africa ikatoa ripoti ya kesi 81 za watu wa Pwani waliouawa ama kupotezwa tangu 2012. Walitishwa, na hesabu wakaifanya.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana ndilo linaloumiza zaidi.

Wakenya waliopelekwa Uganda 2010 walifungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, dhidi ya Kenya na Uganda. Kesi nzito, hoja nzito. Unajua ilianguka kwa nini? Mkataba wa Jumuiya unampa mtu miezi miwili tu ya kufungua kesi tangu tendo litokee ama tangu alijue. Mwaka 2013 majaji wa rufaa wakasema muda ulikuwa umepita. Swali lenyewe, kama ni halali kumbeba mtu kutoka nchi moja hadi nyingine kama gunia la mkaa, halikupata jibu. Kalenda ndiyo iliyoamua.

Mwaka huo huo, Arusha hiyo hiyo, wakili mmoja Mkenya, Samuel Mohochi, alishinda. Alikuwa amezuiwa Entebbe Aprili 2011 na kurudishwa Nairobi bila kupewa sababu ya maana. Yeye alijua saa aliyofika, alijua karatasi aliyopewa, na alifungua kesi mapema. Mahakama ikasema Uganda ilivunja mkataba.

Mahakama ni ile ile, mwaka ni ule ule, na mmoja wa washtakiwa ni yule yule. Simlaumu aliyekuwa Luzira kwa kuchelewa, maana mtu akiwa ndani hana hata kalamu. Nauliza sisi tuliokuwa nje tulikuwa wapi. Miezi miwili ile tulikuwa na mawakili wangapi waliokuwa wakihesabu siku? Tulikuwa na vijana wangapi waliokuwa wakiandika tarehe? Msikiti gani ulikuwa na faili?

Na usidhani haya ni mambo ya kale, ama ni ya Waislamu peke yao. Kilichojaribiwa kwetu kikaenda kwa kila mtu. Baada ya maandamano ya Juni 2024, KNCHR ilihesabu visa 82 vya utekaji nyara hadi Desemba mwaka huo. Walikuwa vijana wa kila dini na kila kabila, waliobebwa na magari yasiyo na alama. Novemba 2024 Kizza Besigye, mwanasiasa mkubwa wa upinzani Uganda, alitekwa Nairobi na siku chache baadaye akaonekana katika mahakama ya kijeshi Kampala. Barabara ni ile ile ya 2010. Abiria tu ndio wamebadilika. Wakati Kimathi anaionyesha barabara hiyo, wengi walisema shauri yao hao, ni wa upande ule. Leo kila mtu anaogopa gari jeupe likisimama karibu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuache kudharau kuandika. Sisi ndio watu ambao aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Al-Baqara, inaamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Deni la pesa! Kama deni la shilingi linaandikwa, mtoto wa mtu aliyechukuliwa mlangoni ataachiwa kumbukumbu ya kichwa tu?

Pili, jua la kufanya siku ya kwanza. Mtu akichukuliwa, kabla hujaposti chochote, andika: tarehe na saa, mahali, gari la aina gani, rangi gani, nambari gani, walikuwa wangapi, walivaa nini, walizungumza lugha gani, alivaa nini aliyechukuliwa, nani aliona kwa macho na nani alisikia tu. Hayo mawili usiyachanganye kabisa. Nenda kituo cha polisi ukapewe nambari ya OB, na ukinyimwa andika ulinyimwa saa ngapi na afisa wa nambari gani. Tafuta wakili siku hiyo hiyo aombe amri ya mtu kuletwa mahakamani. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kifungu cha 25 kinasema haki ya kuomba amri hiyo haiwezi kupunguzwa na yeyote. Kama amevushwa mpaka, anza kuhesabu miezi miwili ya Arusha siku hiyo hiyo.

Tatu, linda mashahidi. Usiweke mtandaoni sura wala jina la mama mboga aliyeona gari. Ukimfichua, umemaliza kesi na pengine umemmaliza na yeye. Weka nakala tatu mahali patatu. Na usiandike usichokihakikisha, kwa sababu jina moja la uongo likiingia kwenye orodha, wataitumia hilo moja kuyazika mengine yote.

Nne, na hili ni lako wewe hasa uliye kidato cha nne ama chuoni. Kila mmoja anataka kuwa daktari, injinia, ama kusafiri Qatar. Vizuri, Allah akufanyie wepesi. Lakini jamii hii inahitaji pia mtu anayejua kumhoji mama aliyelia siku tatu bila kumuumiza zaidi, anayesoma hukumu ya kurasa 200 akatoa aya mbili zinazofaa, anayejua Kisomali ama Kiamhari pamoja na Kiswahili na Kiingereza, anayeweza kulinganisha orodha ya abiria na orodha ya kituo cha polisi. Hiyo ni taaluma na inasomewa. Sheria, uandishi wa habari, takwimu, lugha, zote zinafikisha huko. Mshahara wake si mkubwa na shukrani yake ni kidogo. Umeshaona ya Kimathi.

Wazazi mnaosoma hii kwa simu za watoto wenu, msiwakataze. Mtoto anayeuliza maswali na kuandika majibu hajapotea njia. Wakati ule wa 2007, kuna mama alijua mwanawe yuko hai Addis Ababa kwa sababu mtoto wa mama mwingine alikuwa na tabia hiyo.

Daftari dukani halifiki shilingi mia. Kabla ya Ijumaa ijayo, nunua moja, tafuta wenzako wawili mtaani, na mwanze na familia moja tu ambayo mtu wao hajarudi. Ketini nao, msikilize, muandike, na mrudi tena wiki inayofuata.